Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Zoezi la Uhalisia Pepe la Kuwafundisha Madaktari Utamaduni wa Wagonjwa Wao

Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel walichapisha utafiti wao kuhusu mazungumzo ya kliniki. Walikuta kwamba, kwa wastani, daktari humkatiza mgonjwa sekunde 18 tu baada ya mgonjwa kuanza kueleza kilichomleta. Katika sekunde hizo 18 mgonjwa hajapata nafasi ya kusema anadhani ugonjwa wake umetoka wapi, nyumbani ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya matibabu, wala anatumia dawa gani nyingine. Kwa daktari, utamaduni ni mambo hayo hasa. Ngoma na mavazi yana mahali pake, lakini hayabadilishi kipimo cha damu.

Kwa kawaida somo hili hufundishwa kwa mihadhara na orodha: watu hawa hufanya hivi, wale hukataa vile. Orodha humtoa daktari darasani akiamini anawafahamu watu ambao hajawasikiliza. Uhalisia pepe (virtual reality), yaani mazingira ya kidijitali ambayo mtu huyaona akiwa kama yumo ndani yake kwa kuvaa miwani maalumu, una jambo moja ambalo mhadhara hauna: unaweza kumketisha daktari mbele ya mgonjwa mmoja, ndani ya chumba kimoja, na kumwachia ashughulike na kimya cha mgonjwa huyo. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kutengeneza zoezi la aina hiyo tangu likiwa wazo hadi siku ya mafunzo na baada yake. Umelengwa kwa wakufunzi wa vyuo vya tiba, hospitali zinazopokea madaktari wageni, na watengenezaji wa programu waliopewa kazi hii bila kuwahi kukaa kliniki.

Hatua ya 1: Anza na mahali ambapo mashauriano hukwama

Wengi huanza kwa kuuliza utamaduni wa mahali fulani ukoje. Swali hilo halina mwisho, na majibu yake hayajengi zoezi. Uliza mashauriano hukwama wapi. Kaa na wauguzi, wakalimani, watu wa mapokezi na wafamasia, maana wao huyaona yale ambayo daktari hayaoni. Mfamasia anajua ni nani amechukua dawa mara moja na hakurudi tena. Muuguzi amesikia kilichosemwa kwenye ukumbi baada ya mlango wa daktari kufungwa.

Waombe visa, bila jina wala alama yoyote ya kumtambulisha mgonjwa. Utasikia juu ya mgonjwa aliyekubali upasuaji na siku ilipofika hakutokea, familia iliyomsihi daktari asimtajie mgonjwa jina la ugonjwa wake, mama aliyeitikia kila alichoambiwa kisha akarudi na vidonge vyote vikiwa bado ndani ya pakiti. Vikishakuwa vingi, vipange kwa kufuata mahali vilipokwamia, usivipange kwa kabila, dini au nchi ya mgonjwa. Mambo machache yatajirudia: nani anamsemea mgonjwa, habari mbaya hutolewaje na mbele ya nani, mwili huguswaje na nani, dawa za asili hutajwa lini, na ile ndiyo ya heshima ambayo haina maana ya kukubali. Chagua moja tu kati ya hayo. Zoezi la kwanza likibebeshwa matano, halitafundisha hata moja.

Sasa andika lengo kwa sentensi moja inayotaja tendo linaloonekana. Daktari ataelewa utamaduni wa wagonjwa: hilo huwezi kulipima. Kabla ya kubadilisha dawa, daktari atamuuliza mgonjwa anauelewaje ugonjwa wake, na atasubiri jibu: hilo unaweza kuliona kwa macho na kulihesabu. Mwaka 1998 Melanie Tervalon na Jann Murray-García walitoa hoja kwamba madaktari wafundishwe unyenyekevu wa kitamaduni, yaani kujichunguza na kuendelea kujifunza kutoka kwa mgonjwa maisha yote, kuliko kudai umahiri ambao mtu anaumaliza na kupewa cheti. Nakubaliana nao kabisa. Zoezi linalomwacha daktari akijiona sasa ni mjuzi limemharibu, na atakayeumia ni mgonjwa wake wa kesho.

Hatua ya 2: Wenye utamaduni washike kalamu

Kabla hujagusa kompyuta, unda baraza la watu wa jamii inayohusika. Mzee mmoja anayeheshimika na kiongozi mmoja wa dini hawatoshi, hata kama ndio wepesi kupatikana. Watakueleza mambo yanavyopaswa kuwa. Unahitaji pia watu wanaoyaishi kwa namna nyingine: wagonjwa wa muda mrefu, vijana, wanawake waliojifungua karibuni, mtu mwenye ulemavu, mkalimani, tabibu wa tiba asili, na mtu aliyewahi kuondoka hospitali kwa hasira akaapa kutorudi. Huyo wa mwisho mara nyingi ndiye atakayekufaa kuliko wote.

Walipe. Mtaalamu wa programu analipwa, daktari mshauri analipwa, basi na mama anayekwambia kwa nini wagonjwa hunyamaza alipwe vilevile. Makubaliano yawekwe kwa maandishi, katika lugha wanayoisoma, na yataje waziwazi mambo matatu: baraza lina haki ya kukataa tukio lolote, lina haki ya kuona toleo la mwisho kabla halijatumika, na picha na sauti zitatumika wapi na kwa muda gani. Haki ya kukataa iwe ya kweli. Baraza likisema ibada fulani au neno fulani lisionyeshwe, liondoe bila kudai maelezo marefu.

Wajumbe watatofautiana, na kutofautiana huko ni mali. Binti atasema mama yake angependa kuambiwa ukweli wote, mjomba atasema huo ni ukatili. Usitafute mshindi. Viweke vyote viwili ndani ya zoezi, ili daktari aone kwamba hata ndani ya nyumba moja utamaduni una zaidi ya sauti moja. Ikiwa kazi yako itakusanya takwimu kwa ajili ya utafiti, peleka maombi kwenye kamati ya maadili mapema, kabla ya kurekodi chochote.

Hatua ya 3: Chagua chombo, kisha usikifikirie sana

Njia ni mbili kubwa. Ya kwanza ni video ya nyuzi 360 iliyorekodiwa na waigizaji halisi. Mtumiaji anageuza kichwa na kutazama pande zote, lakini hawezi kutembea. Ya pili ni mazingira yaliyochorwa kwa kompyuta katika injini, yaani programu za kutengenezea michezo ya kompyuta, kama Unity au Unreal Engine, ambamo mtumiaji anaweza kusogea na kushika vitu. Kwa somo la mazungumzo naipendekeza video. Uso wa binadamu anayesita husema mambo ambayo mhusika wa kuchorwa hawezi kuyasema mpaka uwe na fedha nyingi na wachoraji hodari. Mazingira ya kuchora yanafaa pale tendo la mkono lina maana, mfano kuomba ruhusa na kumfunika mgonjwa kabla ya kumpima tumbo.

Mel Slater, mtafiti wa uhalisia pepe, aliandika mwaka 2009 kwamba mtu huitikia uhalisia pepe kama kitu cha kweli kwa sababu mbili tofauti: anahisi yuko mahali pale, na anaamini kwamba kinachotokea kinatokea kweli. Ya kwanza huletwa na vifaa. Ya pili hutegemea mswada, na mgonjwa asiyejibu kama mgonjwa huiua papo hapo hata ukiwa na miwani bora kuliko zote. Peleka nguvu zako huko.

Hatua ya 4: Andika tukio na njia zake

Hapa ndipo kazi ilipo. Nitaeleza kwa mfano mmoja niliouandika kwa ajili ya mwongozo huu, nawe utabadilisha kila kitu kufuatana na visa vyako.

Chumba kidogo cha mashauriano. Mama wa miaka sitini na kitu ana presha, kipimo cha leo ni 172 kwa 104. Binti yake ameketi kando, mkoba mapajani. Mezani pana kompyuta inayoonyesha kwamba miezi mitatu iliyopita mama aliandikiwa dawa mbili za kunywa kila siku. Daktari, yaani mtumiaji aliyevaa miwani, ameketi mbele yao.

Akiuliza, "Mama, dawa unakunywa kila siku?", mama anamtazama binti, kisha anatazama chini. "Ndiyo, daktari." Binti anabana midomo kidogo, si zaidi ya nusu sekunde. Daktari akiridhika na kuongeza dawa ya tatu, tukio linakwisha kwa amani. Wanashukuru, wanaaga, wanatoka. Hakuna kengele, hakuna maandishi mekundu, hakuna sauti ya kumwambia amekosea, kwa sababu hata kliniki hakuna anayemwambia. Kisha chumba kilekile, miezi mitatu mbele: kipimo 178 kwa 106, na binti anatoa mkobani pakiti ambazo hazijafunguliwa na kuziweka mezani.

Akiuliza kwa namna nyingine, "Mama, hii presha yako unaielewaje? Unadhani ilianzaje?", mama ananyamaza. Kimya hicho kina urefu wa sekunde saba. Daktari akisema neno lolote kabla hazijaisha, mama anakimbilia jibu la usalama: "Sijui, mwanangu. Wewe ndiye daktari." Akisubiri, mama anainua kichwa. "Ilianza mwaka ule nilipofiwa. Ikipanda naijua, kichwa kinagonga hapa nyuma. Siku hiyo nakunywa dawa. Siku nyingine niko mzima, sasa ninywe ya nini?"

Jibu hilo lina mantiki kamili. Mtu anayejiona mzima hanywi dawa ya ugonjwa ambao hausikii, na presha kwa kawaida haina dalili. Daktari sasa ana kazi mpya ambayo sekunde saba zilizopita hakujua kama ipo. Akianza mhadhara, mama anarudi kwenye ndiyo zake. Akikiri kwanza alichosikia, akaeleza kwamba presha inaweza kuharibu mishipa, figo na moyo huku mtu akijisikia vizuri, kisha akauliza ni saa ngapi ya siku ingekuwa rahisi kwake kunywa, mlango mwingine unafunguka. Na akiuliza bila lawama kama kuna kitu kingine kinachomsaidia, mama anataja majani anayochemsha jioni, na binti anageuka kumtazama kwa mshangao. Hata yeye hakujua.

Kwa maswali ya kujengea njia kama hizi, tegemea yale manane yaliyotokana na kazi ya Arthur Kleinman, daktari wa magonjwa ya akili na mwanaanthropolojia, ambaye pamoja na Leon Eisenberg na Byron Good alichapisha makala ya msingi ya jambo hili mwaka 1978: unadhani nini kimesababisha tatizo lako, kwa nini lilianza wakati lilipoanza, linakufanyia nini mwilini, ni kubwa kiasi gani, unadhani unahitaji tiba gani, unatarajia ikuletee nini, ugonjwa umekusumbua vipi maishani, na unaogopa nini zaidi. Kwa mpangilio wa mazungumzo yote, utaratibu wa Elois Ann Berlin na William Fowkes wa mwaka 1983 bado unafaa: sikiliza, eleza unavyoona wewe, kiri tofauti na mnapokubaliana, pendekeza, kisha mpatane.

Yako mambo ya kuchunga katika uandishi. Mama asiwe mjinga wa kuokolewa. Mpe angalau mahali pamoja ambapo yeye ndiye anayemrekebisha daktari na yuko sahihi. Binti asiwe msomi anayemwonea mama yake aibu, maana huyo ni mhusika wa kuazima ambaye huingia mwenyewe kwenye kila mswada wa haraka. Matokeo mabaya yasisababishwe na mila, yatokane na swali ambalo halikuulizwa. Na usisahau kwamba daktari naye ana utamaduni: haraka, maneno ya kitaalamu, desturi ya kutazama kompyuta wakati mtu anazungumza. Ndiyo sababu nimeiweka kompyuta mezani. Miwani inapima kichwa kimeelekea wapi kila wakati, hivyo mwishoni daktari anaweza kuonyeshwa ni sekunde ngapi alitazama kioo cha kompyuta na ngapi alimtazama mama.

Njia zisiwe nyingi mno. Vituo vitatu vya uamuzi, kila kimoja na njia mbili au tatu zinazokutana tena mbele, vinatosha kwa dakika nane hadi kumi. Njia zisipokutana tena, vipande vya kurekodi huongezeka maradufu na zaidi kila kituo, na fedha zitaisha kabla ya kazi.

Na mhusika anayeendeshwa na akili bandia, anayejibu lolote atakaloulizwa? Katika somo hili ningemwepuka. Atabuni mila ambazo hazipo na kuzisema kwa uhakika, na baraza haliwezi kuidhinisha maneno ambayo bado hayajaandikwa. Utambuzi wa sauti nao hulegea kwenye lugha na lahaja zisizo na maandishi mengi ya kidijitali. Iko njia rahisi inayofanya kazi vizuri: mkufunzi anakaa kando na kishikwambi, anamsikiliza daktari akizungumza kwa maneno yake mwenyewe, kisha anabonyeza njia inayolingana na alichosema. Daktari haoni orodha ya majibu ya kuchagua, anaongea tu kama anavyoongea kazini.

Hatua ya 5: Amua mtumiaji yuko ndani ya mwili wa nani

Kishawishi ni kikubwa cha kumvisha daktari mwili wa mgonjwa na kutarajia huruma izaliwe. Ushahidi unataka uangalifu. Mwaka 2013 Tabitha Peck na wenzake walikuta kwamba watu wenye ngozi nyeupe waliovishwa mwili pepe wenye ngozi nyeusi walipungukiwa na upendeleo wa rangi usio wa makusudi. Lakini miaka minne kabla yake, Victoria Groom, Jeremy Bailenson na Clifford Nass, waliotumia zoezi la usaili wa kazi, walikuta upendeleo ukiongezeka kwa waliovaa mwili mweusi. Mwili peke yake haufundishi. Mazingira na kinachotokea humo ndivyo vinavyoamua somo litaelekea wapi.

Pendekezo langu: daktari abaki daktari katika duru ya kwanza. Katika duru ya pili mketishe kwenye kiti cha mama, umrudishie mashauriano yaleyale, na sauti ya daktari anayoisikia iwe sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa dakika chache zilizopita. Hahitaji kujifanya anajua maisha ya mama. Anasikia jinsi anavyosikika, kasi yake, maneno yake, na mahali alipokatiza. Kwa upande wa video, hili linahitaji kamera ya pili kwenye kiti cha mama siku ya kurekodi, pamoja na mwigizaji wa kukaa mahali pa daktari bila kufungua mdomo.

Hatua ya 6: Lijaribu kwa viti na karatasi

Kabla ya kamera, igizeni zoezi zima ndani ya chumba cha kawaida. Viti vitatu, meza, mswada mkononi, daktari ambaye hajausoma. Alikeni baraza litazame. Hapa ndipo utasikia kwamba mama wa umri ule asingemwita daktari hivyo, kwamba binti angekaa upande mwingine, kwamba kimya cha sekunde saba ni kifupi mno au kina maana nyingine kabisa. Kubadilisha sentensi kwenye karatasi ni kazi ya dakika moja. Kuibadilisha baada ya kurekodi ni kumwita kila mtu tena.

Rudieni na madaktari kadhaa wa viwango tofauti, na uandike kila swali waliloliuliza ambalo mswada haukulitarajia. Maswali yanayojirudia yaingizwe. Yale ya mara moja yapatiwe majibu machache ya jumla, kama vile mama kusema, "Sijakuelewa vizuri, daktari."

Hatua ya 7: Kurekodi

Kamera ya nyuzi 360 isimame mahali kichwa cha daktari kingekuwa, kimo cha macho ya mtu aliyeketi, takriban sentimita 110 hadi 120 kutoka sakafuni. Ikizidi, mtumiaji atajiona anaelea juu ya mgonjwa, jambo ambalo peke yake hubadilisha uzito wa mazungumzo. Wahusika wasikaribie chini ya mita moja, maana picha za lenzi mbalimbali huunganishwa, na kilicho karibu sana hukatika au kuonekana mara mbili kwenye mshono. Elekeza mshono ukutani, usipite usoni mwa mtu.

Ubora wa picha unadanganya wengi. Video ya 4K ina pikseli 3840 kuzunguka duara zima. Jicho la mtumiaji likiona nyuzi 90 kwa wakati mmoja, linapata robo yake tu, pikseli 960, na midomo ya binti iliyobanwa kwa nusu sekunde itapotea humo. Rekodi kwa 8K, ambayo robo yake ni pikseli 1920. Mafaili yatakuwa mazito: dakika kumi kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde ni karibu gigabaiti 7.5. Yapakie kwenye miwani mapema, wala usitegemee intaneti ya ukumbi siku ya mafunzo.

Kila jibu la mama ni kipande chake, na kati ya vipande kuna kipande cha kusubiri: sekunde 20 au 30 ambazo mama na binti wanapumua, wanapepesa macho, wanarekebisha mkono, kikijirudia hadi daktari aseme. Ili mruko usionekane, kila kipande kianze na kuishia katika mkao uleule. Wekeni alama ya gundi mezani mahali mikono inaporudi. Ondoa saa ya ukutani. Funga pazia na utumie taa, la sivyo mwanga wa dirishani utahama kuanzia asubuhi hadi mchana, na mama ataonekana kurukaruka kati ya saa tatu na saa nane ndani ya mazungumzo mamoja.

Waigizaji watoke katika jamii yenyewe na wazungumze lugha yao. Kama daktari hutumia mkalimani kazini, mkalimani awemo chumbani akiwa mhusika kamili, na aruke na kufupisha maneno mara mojamoja kama inavyotokea. Maandishi ya tafsiri yakihitajika, yawe chini ya uso wa msemaji, yasiwe mbali kiasi cha kumlazimisha mtumiaji achague kati ya kusoma na kumtazama mtu. Sauti inaswe kwa kipaza sauti kidogo kwenye nguo ya kila mhusika, na kingine cha kunasa chumba kizima chini ya kamera. Mtu huvumilia picha yenye chengachenga, lakini sauti mbovu humtoa mara moja.

Kamera isisogee kabisa. Macho yakiona mwendo ambao sikio la ndani halikuusikia, kichefuchefu hufuata.

Hatua ya 8: Mwili wa mtumiaji

Zoezi la kukaa kitini, dakika zisizozidi kumi kwa duru, miwani yenye kuonyesha angalau fremu 72 kwa sekunde. Kila mtu arekebishe umbali wa lenzi ulingane na umbali wa mboni zake. Kwa watu wazima wastani ni kama milimita 63, lakini wapo wengi walio mbali na wastani huo. Waulize mapema kuhusu kifafa na kipandauso, na uwaambie wanaweza kuvua miwani wakati wowote bila kutoa sababu. Andaa nafasi kwa wanaovaa miwani ya macho, na kwa wanaofunika kichwa. Futa kila kifaa kati ya mtu na mtu. Asiyeweza au asiyetaka kuvaa apewe toleo la kutazama kwenye kioo cha kompyuta ya kawaida, na ahesabiwe ameshiriki sawa na wenzake.

Hatua ya 9: Siku ya mafunzo

Mkufunzi aeleze kwa kifupi: utampokea mgonjwa, zungumza kama kawaida, hakuna alama. Asitaje utamaduni. Akiutaja, kila daktari ataingia akiutafuta.

Baada ya duru zote mbili ndipo mafunzo yanapoanza. Tenga muda wa mjadala usiopungua mara mbili ya muda wa zoezi, na uuongozwe na watu wawili, mkufunzi wa tiba pamoja na mjumbe wa baraza. Anzeni na hisia, kabla ya hukumu: ulipokuwa kwenye kiti cha mama, ulisikia nini? Kisha vipimo, yaani sekunde za kusubiri na sekunde za kutazama kompyuta. Kisha swali gumu: wiki iliyopita ni mgonjwa gani alikuambia ndiyo, na ulijuaje kwamba ni ndiyo? Daktari mmoja akisema sasa amejua watu wa jamii ile wakoje, mjumbe wa baraza amjibu pale pale kwa kutaja watu wa jamii hiyohiyo ambao wangefanya kinyume.

Hatua ya 10: Pima kama kimebadilika kitu

Karatasi ya kuuliza kama walifurahia haitoshi. Donald Kirkpatrick alitenganisha ngazi nne za tathmini mwaka 1959, na zinafaa hapa: walivyolipokea, walichojifunza, wanachofanya kazini, na matokeo yake. Ngazi ya pili unaipima kwa mgonjwa wa kuigiza, mbinu iliyoletwa na Howard Barrows mwaka 1963, akiwekwa kwenye kituo kimojawapo cha mtihani wa vituo, ambao mtahiniwa hupita kituo hadi kituo akipimwa kazi moja kila mahali, wa aina aliyoieleza Ronald Harden mwaka 1975. Mgonjwa huyo awe na ugonjwa tofauti na wa zoezi, na atoke jamii nyingine ikiwezekana. Daktari aliyekariri presha ya mama atakwama, aliyejifunza kuuliza atauliza.

Ngazi ya tatu na ya nne zinahitaji subira. Waulize wagonjwa wanapotoka kama walipata kusema walichokuja nacho. Tazama wanaorudi kuchukua dawa. Linganisha na kundi la madaktari waliopata somo lilelile kwa mhadhara na majadiliano bila miwani. Ikiwa makundi yote mawili yamefanana, waambie wenye fedha ukweli huo na uendelee na viti na karatasi za Hatua ya 6, ambazo gharama yake ni ndogo mno.

Hatua ya 11: Utunzaji

Sauti ya daktari iliyorekodiwa kwa ajili ya duru ya pili ifutwe siku ileile, isipokuwa ameridhia kwa maandishi itunzwe. Takwimu za mwelekeo wa kichwa zisimfikie mwajiri wake zikiwa na jina, maana madaktari wakishajua zinawafikia wataigiza.

Rudisha zoezi kwa baraza kila mwaka. Lugha hubadilika, dawa hubadilika, na kizazi kipya cha wagonjwa huja na mambo yake. Tunza daftari linaloonyesha kila nakala ya zoezi iko kwenye miwani ipi na chuo kipi, kwa kuwa mwigizaji au mjumbe akiondoa ridhaa yake, unapaswa kukifuta kipande chake kila kilipo, na mahali kilipokuwa pawekwe kipande kingine ambacho baraza limekiona na kukikubali.